Nota Nne Zisizoandikwa

Hapo zamani, na wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani hii hii ya redio kuvishwa kitambaa cha kufuma, palikuwa na shamba la mkonge liitwalo Kwamatindi. Shamba lilikuwa na bendi ya wafanyakazi, Kwamatindi Jazz. Bendi ilikuwa na gitaa moja la besi. Moja tu. Na gitaa hilo moja lilikuwa na watu watatu waliolipenda.

Wa kwanza ni Semkiwa. Huyu ndiye mpigaji mwenyewe wa bendi, mwaka wa kumi na moja. Alipiga kwa kidole gumba peke yake, vidole vingine vimejikunja kama watoto waliokatazwa kuingia sebuleni. Zamani alikuwa mkata mkonge, mwiba ukamchoma jicho la kushoto, likaingia ukungu. Bendi ndiyo iliyomwokoa. Kwa sababu ya besi yake meneja alimtoa shambani, akamweka kwenye ghala la kamba, kivulini.

Wa pili ni Eligi, mwalimu wa kwaya. Alisoma kwa mapadri, wakamfundisha kusoma muziki ulioandikwa kwenye mistari mitano. Eligi ukimpa karatasi ya nota anakuimbia, hata kama wimbo wenyewe hajawahi kuusikia maishani mwake.

Wa tatu ni Zamoyoni, binti aliyefanya kazi ya kuanika singa, zile nyuzi za mkonge. Hakuwa na gitaa, basi alichukua ubao, akapigilia misumari, akafunga nyaya nne. Kila akitoka kazini alikaa na ubao wake: vidole vinapanda, vidole vinashuka. Ubao hauimbi, lakini vidole vyake vilijifunza njia zote.

Semkiwa aliwacheka wote wawili. Alimwita Eligi Bwana Karatasi. Akimwona anapita atasema kwa sauti, watu wasikie:

"Bwana Karatasi! Lini umeona mtu anapiga karatasi? Besi haisomwi, besi husikika!"

Watu wanacheka. Eligi anatabasamu, anapita.

Akimwona Zamoyoni na ubao wake atasema:

"Binti, unafundisha kuku kudonoa? Besi haidonolewi, besi husikika!"

Watu wanacheka. Zamoyoni anainamisha kichwa. "Sawa, mjomba," anasema, kisha anaendelea.

Basi siku moja meneja akaita watu akasema, mwisho wa mwezi bendi itavunjwa. Holi tunaligeuza stoo. Wote waliotolewa shambani kwa ajili ya muziki warudi shambani.

Semkiwa alirudi nyumbani, akatazama nyuma ya mlango. Panga lake la kukatia mkonge lilikuwa bado linaning'inia pale, limeshika kutu. Akafikiri juu ya ile miiba na jicho lake moja lililobaki zima. Mkewe, Mwantumu, alikuwa ananyonyesha mtoto wao wa pili. Alinyoosha mkono, akalishusha lile panga, akalisukuma chini ya kitanda, mumewe asilione kila aingiapo.

Lakini Mungu hafungi mlango bila kuacha upenyo. Wiki ile ile ikaja barua kutoka mjini, ya Bwana Lutengano, kiongozi wa Orkesta Mwangaza. Aliandika kwamba anatafuta mpigaji besi mmoja. Kazi ya mkataba, na chumba cha kukaa na familia. Atakuja Kwamatindi Jumamosi, awasikilize wanaotaka. Na ndani ya barua aliweka karatasi tatu zilizofanana, za kipande kimoja cha muziki, kila mtu ajiandae na yake.

Wakajitokeza wale watatu, wakapewa mbele ya holi, watu wanatazama. Eligi aliishika karatasi, midomo ikaanza kucheza hapo hapo. Zamoyoni aliitazama, akasema, "Mwalimu Eligi, mimi sijui hata inapoanzia. Utanisaidia?"

"Njoo kesho," akasema Eligi.

Semkiwa akaitazama yake. Aliona siafu waliokanyagwa wakivuka njia. Watu wakasubiri aseme neno, kama kawaida yake. Mdomo ukamtangulia.

"Hii? Nyepesi," akasema, akaikunja, akaitia mfukoni.

Ndiyo hivyo. Neno moja, na hakuna aliyemshika shingo alitamke.

Nyumbani Mwantumu akamuuliza, "Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Inasemaje?"

Semkiwa akanywa maji, ingawa hakuwa na kiu.

"Baba Hiari," mkewe akasema taratibu, "nenda kwa Eligi. Zamoyoni ameomba, na ardhi haikupasuka."

"Eligi niliyemwita Bwana Karatasi mbele ya kijiji kizima? Nikamwambie nini? Kwamba karatasi imenishinda?"

"Ndiyo. Mwambie hivyo hivyo."

"Afadhali panga," akasema Semkiwa. Lakini hakumaanisha.

Sasa, kwa kuwa gitaa lilikuwa moja, waligawana siku. Mchana ni la Zamoyoni, akipumzika kazini. Alasiri ni la Eligi, kule kanisani. Jioni ni la Semkiwa, nyumbani kwake. Na Eligi hulichomeka gitaa kwenye spika ya kwaya, kwa hiyo ukisimama nyuma ya kanisa, kwenye ua wa minyaa, unasikia kila kitu.

Semkiwa akasimama nyuma ya kanisa.

Siku ya kwanza Eligi alipiga haraka, kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe. Semkiwa akaambulia mwanzo tu. Vumbi la minyaa likamkereketa, akakohoa, akaziba mdomo kwa kiganja.

Siku ya pili dirisha lilikuwa wazi. Na Eligi alipiga polepole. Alipiga kipande kidogo, akarudia. Kipande kidogo, akarudia. Semkiwa akasema moyoni, kumbe hata wasomi ni wazito! Akachota, akachota.

Siku ya tatu alikuta kigoda nyuma ya ukuta, kwenye kivuli. "Cha mfagiaji hiki," akajiambia. Akakaa.

Hivyo hivyo siku ya nne. Dirisha wazi, gitaa polepole, na kigoda kipo. Semkiwa alikuwa na sikio, hilo hakuna wa kumnyima. Alichokisikia alasiri, jioni kilikuwa kwenye gumba lake. Na palikuwa na mahali pamoja, katikati ya kipande, ambapo sauti zote hunyamaza, halafu zinasikika sauti nne peke yake kwenye uzi wa pili ulioachwa wazi, usioshikwa na kidole: du, du, du, du. Pale Semkiwa alipapenda kuliko pote. Akazibeba zile nne nyumbani, akazilainisha. Ya tatu akaichelewesha kidogo, kama mama anayevuka kizingiti na ndoo kichwani. Hiari, binti yake wa miaka mitano, akasimama akaanza kucheza bila kuambiwa.

"Hapo ndipo," akasema Semkiwa.

Ikafika Jumamosi. Asubuhi Mwantumu alifungua nyuzi za gitaa, akaziviringisha, akazichemsha kwenye sufuria. Wapigaji wanajua: uzi wa besi ukizeeka hushika jasho na uchafu, unatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Ukiuchemsha ukausafisha, sauti inarudi. Hapakuwa na pesa ya nyuzi mpya, na nyuzi zile zilikuwa zimekwisha kuchemshwa mara nyingi. Jirani akamwambia, "We mama Hiari, mbona unawachemshia na wapinzani wa mumeo?"

"Gitaa ni moja," akajibu. "Nichemshe upande wa mume wangu tu?"

Holi likajaa. Wakata mkonge walikuja, waanika singa walikuja, hata meneja alikuja. Wanabendi wakakaa nyuma na ngoma zao na magitaa yao madogo. Bwana Lutengano alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani na viatu vilivyong'aa. Alisema:

"Nawaambia mapema. Kwangu hakuna kukariri. Asubuhi tuko redioni, karatasi mpya. Mchana hotelini, karatasi mpya. Jioni harusi, na bibi harusi ameleta wimbo wa kwao. Saa kumi na moja naondoka, na ninaondoka na jina moja."

Akamwita Zamoyoni kwanza. Zamoyoni akapiga. Vidole vyote vilifanya kazi, kila kimoja na zamu yake, hakuna sauti iliyokwaruza wala iliyochechemea. Ilikuwa kama shuka lililopigwa pasi. Watu wakapiga makofi. Lutengano akampa karatasi nyingine asiyoijua. Zamoyoni akaanza, akakwama. Akaanza, akakwama. "Hii sijafundishwa," akasema. "Sitakudanganya."

Akamwita Eligi. Eligi akapiga kama karatasi ilivyosema, hakuongeza, hakupunguza. Akapewa ile karatasi ngeni. Akaitazama kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mara mbili, akaipiga yote. Holi likashangaa. Lutengano akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Makofi yakapigwa, lakini watu walibaki wamekaa.

Akamwita Semkiwa.

Semkiwa akaweka karatasi mbele yake, kwenye kiti. Akaitazama kwa makini sana. Mtu ambaye hasomi hutazama kuliko asomaye. Akaanza. Gumba likatembea, na nyuzi zilizochemshwa zikalia vizuri, nzito na safi. Akafika katikati. Sauti zikanyamaza. Na Semkiwa akaziachia zile nne: du, du... du, du.

Jamani! Mpiga ngoma hakuambiwa, mikono yake ikaingia yenyewe. Wale kina mama waanika singa wakainuka benchi zima. Mzee mmoja aliyetembelea gongo akapiga gongo sakafuni. Hata kiatu cha Lutengano, kile kinachong'aa, kilionekana kikipigapiga.

Kipande kikaisha. Kelele. Vigelegele. Mwantumu alimwinua mtoto juu.

Lutengano akanyoosha mkono, holi likatulia.

"Pale katikati," akasema, "umepiga nota nne. Nimezipenda. Umeziona wapi?"

"Kwenye karatasi," akasema Semkiwa.

"Niwekee kidole."

Semkiwa akatazama karatasi. Siafu. Siafu mistari yote. Akachagua siafu wanne waliokaa pamoja, akaweka kidole.

"Hapo ni mwanzo wa kipande," akasema Lutengano, bila ukali. "Katikati pameandikwa kimya. Mapigo manne ya kimya. Hakuna nota pale hata moja."

"Jicho langu, mzee," akasema Semkiwa. "Hili la kushoto lina ukungu. Linasoma polepole."

"Basi tumia la kulia. Anza mstari wa nne."

Semkiwa hakujua mstari wa nne ni upi. Hakujua wanahesabu kutoka juu au kutoka chini. Jasho likamtoka mpaka kwenye kope. Mbele yake walikaa watu aliowachekesha miaka kumi na moja, na leo hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka! Kicheko angekijibu.

Ndipo Eligi akasimama. "Bwana mkubwa, zile nne ni mimi."

"Wewe? Wewe ulinyamaza pale."

"Hapa nilinyamaza. Lakini kule kanisani nilikuwa napiga polepole, ili..." Eligi akasita, akatazama sakafu. "Ili mtu aliyekuwa nje apate. Nikifika kwenye kimya naogopa atapotea, hatajua kimya ni kirefu kiasi gani. Basi nikawa namhesabia. Moja, mbili, tatu, nne, kwa uzi ulio wazi. Yeye akadhani hesabu ni muziki."

Semkiwa akamgeukia. "Ulijua nipo?"

"Ulikohoa siku ya kwanza, kaka."

"Na dirisha?"

"Nililifungua mimi."

Kitu kingine kikamjia Semkiwa, akakiuliza ingawa hakutaka kujua. "Na kigoda? Kigoda ni cha mfagiaji?"

Zamoyoni akasema, kwa sauti ndogo, "Ni cha kwetu, mjomba. Nilikuona umesimama juani."

Wanangu, kuna aibu ya kukamatwa unaiba. Hiyo inauma, inapita. Lakini kuna aibu ya kugundua kwamba ulichodhani umeiba ulipewa, tena ulipewa na wale uliowadhihaki. Hiyo Semkiwa hakujua aiweke wapi. Dirisha halikuwa wazi kwa bahati. Gitaa halikwenda polepole kwa uzito wa msomi. Alikuwa amekaa siku mbili juu ya huruma ya binti aliyemwambia anafundisha kuku.

"Rudia," akasema Lutengano. "Rudia vile vile, na hizo nne zako. Bendi yote iingie. Nataka nisikie vizuri."

Pengine alitaka kumpa njia. Lakini mkono wa mtu mwenye aibu hauna kipimo. Semkiwa akaanza, akafika katikati, gumba likashuka kwa nguvu kama panga. Uzi wa pili ukakatika. Pah! Ukamchapa kwenye kiganja.

Mwantumu akashika kinywa. "Nimeuchemsha sana," akasema. "Ni mimi. Nimeuchemsha sana."

Uzi mwingine hapakuwa. Duka la nyuzi liko mjini. Saa ukutani ilikuwa saa kumi na nusu.

"Umalizie kwa nyuzi tatu," akasema Lutengano.

Semkiwa akatafuta zile nne, hakuziona. Miaka kumi na moja alijua sauti ile inakaa nyumba moja tu, kwenye uzi wa pili ulio wazi, na nyumba hiyo imebomoka. Akajaribu huku, akajaribu kule. Akavua mkanda wa gitaa, akabaki amelishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake.

Zamoyoni akaja mbele. Akapiga goti kidogo kama anavyomwamkia mkubwa. "Nipe, mjomba."

Akalipokea. Akapandisha mkono juu ya shingo ya gitaa, kwenye uzi mnene, mahali ambapo Semkiwa hakuwahi kufika. Sauti ile ile ilikuwa inakaa hapo pia, miaka yote, nyumba ya pili. Akamtazama mpiga ngoma, wakaingia. Akapiga kipande kizima kwa nyuzi tatu, vidole vikiruka palipo na pengo, asingejua mtu kama kuna uzi uliopungua. Alipofika katikati akazipiga zile nne, na ya tatu akaichelewesha kama Semkiwa alivyoichelewesha. Benchi la kina mama likainuka tena.

Saa kumi na dakika arobaini na tano. Lutengano akatoa fomu ya mkataba. Palikuwa na nafasi moja ya jina.

"Semeni," akasema. "Kila mtu aniambie kwa nini yeye."

Eligi akasema: "Mimi nimeisoma. Ile karatasi ilikuja Kwamatindi ikiwa bubu, mimi ndiye niliyeifungua mdomo. Zamoyoni alijifunza kwangu. Semkiwa alijifunza kwangu. Hata zile nota nne unazozipenda zilitoka kwenye vidole vyangu. Na umesema mwenyewe, kwako kila siku karatasi mpya. Wao kesho atawafungulia dirisha nani?"

Watu wakanung'unika, kweli, kweli.

Zamoyoni akasema: "Mimi nimeifikisha. Msomaji alikuwepo, mwenye sikio alikuwepo, uzi ukakatika. Nani aliyemaliza? Nimepiga ubao usio na sauti miaka mitatu, nikichekwa. Kusoma nitajifunza, nimeshaanza. Lakini hivi vidole hakuna anayeweza kunikopesha wala kunisomea. Navyo leo vimebeba wote wawili."

Watu wakanung'unika, kweli, kweli.

Zamu ya Semkiwa. Semkiwa akafungua mdomo, ule mdomo uliozoea, hakikutoka kitu. Akaufunga. Basi Mwantumu akasogea mbele, mtoto mgongoni, akazungumza badala yake.

"Shikamoo, mzee. Mume wangu amesema uongo hapa, sote tumesikia, na mimi nimeusikia kabla yenu. Sitausafisha. Lakini naomba kuuliza. Zamoyoni alipopiga mara ya kwanza, mlikuwa mmekaa au mmesimama?"

"Tumekaa," wakasema watu.

"Eligi alipopiga?"

"Tumekaa."

"Mkasimama kwa nani?"

Watu wakamgeukia Semkiwa.

"Zile nne zilikuwa hesabu," akasema Mwantumu. "Moja, mbili, tatu, nne, kama mtu anayehesabu matofali. Ni nani aliyezifanya ziwainue watu? Mkiwa na karatasi na vidole na hamna hilo, mtapata makofi ya kukaa."

"Lakini kwa kutosoma kwake ndivyo alivyokosea!" akasema Eligi. "Angejua kusoma angenyamaza pale."

"Ndiyo," akasema Mwantumu. "Na tungebaki tumekaa."

Hapo hata Eligi akacheka kidogo. Halafu akaacha, kwani Semkiwa alikuwa hacheki.

Lutengano alitazama saa. Aliwatazama watatu. Akaandika, akakata kwa mstari kabla jina halijawa jina. Akachukua fomu nyingine. Mwishowe akamsogezea Semkiwa fomu pamoja na kalamu.

"Andika wewe."

Watu wakaguna. Meneja akasema, "Bwana, huyu? Huyu si ndiye aliyetudanganya sasa hivi?"

"Ndiyo maana," akasema Lutengano. "Mtu aliyetoka kuaibika hivi hawezi kudanganya tena kabla jua halijatua. Na hao wawili anawajua kuliko mimi. Semkiwa, andika jina lolote kati ya matatu, hata lako. Nitalichukua kama lilivyo, na sitakuuliza sababu."

Semkiwa akakaa. Karatasi hii aliweza kuisoma, ilikuwa na maneno, na nafasi ilikuwa wazi. Akaliona panga chini ya kitanda, ingawa lilikuwa mbali. Akamwona Hiari anacheza bila kuambiwa. Akaliona dirisha. Akakiona kigoda, na binti aliyekibeba juani akakiweka kimya kimya akaenda zake. Kiganja chake kilikuwa na alama nyekundu pale uzi ulipomchapa.

Akainua macho amtazame mkewe, amwambie kwa uso aandike nani. Mwantumu akageuka ukutani, akajifanya anamfunga mtoto vizuri, ili mumewe asiandike akiwa anatazamwa. Zamoyoni alipoona hivyo, naye akageuka. Eligi naye akageuka. Na wale watu wote wa Kwamatindi, mmoja mmoja, benchi kwa benchi, wakampa Semkiwa migongo yao.

Kalamu ikashuka. Ikagusa karatasi.

Sasa mimi naye tumefika hapo, na siendi mbele. Mmoja alisoma, na bila kusoma kwake pasingekuwa na la kupiga. Mmoja alisikia, na bila kusikia kwake pasingekuwa na aliyeinuka. Mmoja alikuwa na vidole, na bila vidole vyake kipande kisingefika mwisho. Ninyi mliokaa hapa, semeni, msiogope, nami nageuka ukutani nisiwatazame: kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?